Bawa Lililovunjika Vizuri

Kesi hii niliimaliza kabla sijazima injini ya gari. Nilipokuwa nakata kona kuingia uwanja wa ndege wa Mojave, mhalifu tayari nilikuwa naye, sababu yake ninayo, na hata sentensi ya mwisho ya ripoti nilikuwa nimeshaitunga. Kilichobaki ni kumtazama Brandt Sowell usoni akikiri, kisha nirudi Lancaster kabla maharage ya shangazi hayajapoa.

Shangazi Ofelia Escalante ndiye mwenye ofisi. Alikuwa polisi miaka mingi, akastaafu akiwa na goti bovu na ulimi mzima, akafungua kampuni ya upelelezi yenye wafanyakazi wawili: yeye wa kufikiri, mimi wa kuendesha gari. Maneno hayo ni yake.

"Rudy," aliniambia kwenye simu nikitafuta pa kuegesha, "usiniletee jina. Niletee sababu."

"Shangazi, jina ninalo na sababu ninayo."

"Basi una vitu viwili vya kukosea. Elekeza pua ya gari kwenye upepo, huko Mojave unang'oa milango ya magari, usije ukaniletea mlango mkononi."

Kwenye kiti cha pembeni ulikuwa umelala ushahidi, umeviringishwa kwenye kitambaa cha buluu chenye harufu ya dawa ya kusafishia gundi. Ni kipande cha bawa la ndege, urefu wa mkono wa mtu mzima, cheusi tii. Upande mmoja laini kama kioo. Upande wa pili kimepasuka, nyuzi za kaboni zimechomoza kama miba ya samaki aliyeliwa na paka mwenye haraka. Kipande hicho kilikutwa mlangoni kwa Bwana Vartan Garabedian, kule Glendale, bila barua wala jina la aliyekileta. Mkewe aliita polisi. Polisi walikitazama, wakauliza kama ni sanaa.

Garabedian alitajirika kwa maegesho ya magari, na miaka minne iliyopita alianza kumwaga utajiri huo kwenye kampuni ndogo ya Dale Okerlund. Okerlund na watu wake wanaunda ndege ya watu wawili: inaondoka kwenye njia ya kawaida ya kurukia, inawasha roketi, inapanda mpaka mahali buluu ya mbingu inapogeuka kiza na dunia inaonekana imepinda, kisha inazima kila kitu na kurudi chini ikiteleza kama kipanga. Bawa la kwanza lilivunjika kwenye majaribio. La pili lilikuwa limekamilika juzi. Na alasiri hiyohiyo Garabedian alikuwa anakuja kusema neno moja: atoe fedha za kumalizia, au afunge bomba.

Ndipo bawa lililovunjika likamfuata nyumbani. Kwa akili ya Garabedian mambo yalikuwa mawili tu. Ama adui anamtishia, ama mtu wa ndani anamnong'oneza kwamba hata bawa jipya limeoza na linafichwa. Alitaka tumwambie ni lipi kabla hajafungua pochi.

Mimi nilishachagua. Brandt Sowell alikuwa mhandisi wa Okerlund hadi majira ya baridi yaliyopita, akaachishwa kazi. Sasa ameajiriwa na wapinzani, banda la ndege lililo mkabala na la Okerlund, hatua chache tu kuvuka lami. Kafukuzwa, ana kinyongo, anajua bawa lilipo. Mpelelezi anataka nini zaidi?

Nikaenda banda la wapinzani. Mlangoni kulikuwa na dada mmoja anakunywa kahawa.

"Sowell yupo?"

"Saa hizi? Yuko ng'ambo."

"Ng'ambo ya wapi?"

Akanyoosha kikombe kuelekea banda la Okerlund, kana kwamba nimeuliza jua linatokea wapi.

Nilimkuta mshukiwa wangu chini ya tumbo la ndege ileile ya waliomfukuza, amelala chali, nywele zimejaa vumbi jeupe, anapiga msasa mlango wa magurudumu huku anaimba vibaya.

"Brandt Sowell?"

"Kama unadai hela, mwite Brandt Sowell mwingine."

"Natoka ofisi ya upelelezi ya Escalante. Ni kweli ulifukuzwa hapa?"

"Kweli kabisa." Akatoka chini kwa kujisukuma na visigino. "Mzee Dale aliniita, akaanza kunieleza, akashindwa kumaliza kwa machozi. Ikabidi nimkumbatie mimi. Ndiyo siku pekee maishani niliyofukuzwa nikambembeleza bosi."

"Sasa unafanya nini humu?"

"Ni saa yangu ya chakula."

"Unapiga msasa bure kwenye saa yako ya chakula?"

"Sandwichi nimekula njiani." Akanitazama kama vile mimi ndiye mwenye matatizo. "Sasa, kijana, mlango huu nilianza mimi. Unataka aumalizie nani?"

Sentensi yangu ya mwisho ya ripoti ilikufa hapo hapo, bila hata mazishi. Nilimwuliza alikuwa wapi usiku kipande kilipopelekwa Glendale. Akasema hapa hapa, na watu watatu waliokuwa karibu wakaitikia bila kuulizwa: "Hapa hapa." Mmoja akaongeza kwamba Sowell aliwamalizia kahawa yote.

Basi nikafanya kile anachofanya mpelelezi aliyeishiwa: nikaanza kutazama kuta.

Ukuta wa nyuma wa banda lile ulikuwa umetundikwa vitu vibovu. Bomba la mafuta lililopasuka kama muwa. Pua ya roketi iliyotobolewa na moto. Vipande vya bawa, vikubwa na vidogo, kila kimoja kwenye kulabu yake, na chini yake karatasi ndogo yenye maneno ya mkono. Chini ya bomba: "Tulidhani baridi haifiki hapa. Inafika." Chini ya pua ya roketi: "Asante kwa kungoja mpaka Wes asogee." Wes, nilielezwa baadaye, ndiye rubani.

Na katikati ya vipande vya bawa palikuwa na kulabu moja tupu.

Nilirudi garini mbio, upepo ukinipiga kofi la mgongo, nikaleta ushahidi. Sasa nikaukagua kama shangazi alivyonifundisha, yaani taratibu, mikono imefungwa nyuma kwanza. Kulikuwa na tundu moja dogo karibu na ukingo. Hilo nililiona tangu asubuhi, nikadhani ni la msumari wa ndege. Lakini ndege ile haina misumari. Imeshonwa kwa nguo ya kaboni na gundi. Isitoshe, tundu lilipita katikati ya nyuzi zilizochanika na kuzikata safi, zote kwa usawa. Lingekuwepo kabla ya bawa kuvunjika, mpasuko ungelifuata, kama nguo inavyochanika kufuata tundu la sigara. Kwa hiyo kwanza bawa lilivunjika, halafu mtu akatoboa kwa utulivu, apate kutundika.

Nikainua kipande, nikakipachika kwenye kulabu. Kikakaa. Hata alama ya vumbi ukutani ilikubali umbo lake.

"Kimerudi!" mtu akasema nyuma yangu. "Kwani alikikataa?"

Alikuwa Marisela Quiroga, mkuu wa kazi za gundi na kaboni: mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mikono imepauka kwa dawa, penseli mbili kwenye nywele.

"Nani alikikataa, dada?"

"Aliyepewa."

"Kwa hiyo unajua kilitoka hapa?"

"Dogo, kilitoka hapa wiki iliyopita mchana kweupe. Kulabu tupu kila mtu ameiona."

"Na hakuna aliyeuliza?"

"Tuulize nini? Kitu kikitoka kwenye ukuta huu, maana yake kuna mtu kapewa zawadi. Mimi ninacho kimoja sebuleni, juu ya televisheni. Mama yangu anakifuta vumbi kila Jumapili kabla ya misa."

"Mlimpa zawadi ya bawa lililovunjika?"

"Bovu ndilo zawadi. Sowell siku anaondoka alipewa bomba, pacha wa lile pale. Alilia kuliko alivyolia kwenye harusi yake. Nilikuwepo kwenye vyote viwili." Akanitazama, uso ukaanza kubadilika. "Ngoja. Kilipelekwa kwa nani?"

"Kwa Garabedian. Kikaachwa mlangoni, bila neno. Mkewe aliita polisi."

Marisela akafunika mdomo kwa mkono wenye gundi. Mabega yakaanza kutikisika, na nilipodhani analia, ikawa ni kicheko.

"Ay, Mzee Dale," akasema. "Mzee Dale, utatuua."

Dale Okerlund alikuwa kwenye trela ubavuni mwa banda, ambayo ni ofisi yake upande wa mbele na nyumba yake upande wa nyuma. Ni pande la mtu, ana sauti ndogo kama ya padre anayeomba radhi. Nilimwuliza moja kwa moja kama ndiye aliyekiacha kile kipande mlangoni kwa mfadhili wake.

Uso ukamng'aa. "Kimefika? Kakipenda?"

"Alidhani anatishiwa maisha, bwana."

Ule mng'ao ukashuka polepole, kama ndege inayotafuta pa kutua. "Kwa bawa?"

"Kwa bawa lililovunjika. Gizani. Bila barua."

"Nilifika usiku, nikaona taa zimezimwa, nikaona aibu kuwaamsha. Na barua ya nini? Mtu akitazama ule mpasuko anaona. Umevunjika vizuri sana." Akachukua kalamu, akaanza kunichorea mgongoni mwa bahasha. "Hapa ndipo nilipokosea hesabu. Si Marisela, si Sowell, ni mimi. Tuliligeuza bawa juu chini, tukalipakia mifuko ya mchanga kupima nguvu zake, likavunjika mapema. Lakini lilivunjika mahali pamoja, kwa mstari mmoja, likatuonyesha kosa lilipo kama mtoto anayeonyesha jino linalouma. Kipande kile kina thamani kuliko ndege. Na fedha zilizolivunja ni zake Vartan. Sasa nimpe nini? Kipande kizima? Kizima bado hakijasema kitu."

"Mkaongeza unene?"

"Tukaongeza. Hapo ndipo msiba ulipoanza." Akacheka kidogo. "Bawa likanenepa. Bawa nene linataka magurudumu imara. Magurudumu yakala nafasi ya tangi. Tangi likapungua, na mafuta yakipungua roketi inazimika kabla ya kufika juu. Ni kama kualika mgeni mmoja mzito: unabadilisha kiti, kiti kinavunja sakafu, kesho unajenga nyumba upya. Miaka miwili tumekuwa tunajenga nyumba kwa ajili ya mgeni mmoja."

"Na yako ya kweli? Nyumba?"

"Iliuzwa. Mke wangu Greta alikubali kwa sharti moja: kwenye trela jiko liwe na dirisha linalotazama njia ya kurukia." Akaelekeza kidole. Dirisha lilikuwepo, limekatwa kwa mkono, pembe zake nzuri kuliko za trela yenyewe.

Nikampigia shangazi, nikamweleza. Nikasikia anaweka chini kijiko.

"Kwa hiyo mhalifu ni adabu," akasema.

"Ndiyo, Shangazi."

"Na Sowell?"

"Anapiga msasa."

"Umeniletea sababu. Leo utakula. Mimi nampigia Garabedian akiwa njiani, nimwondolee presha. Wewe kaa hapo mpaka afike, ana swali la pili."

Nilirudi bandani nikijiona mtu. Marisela alikuwa peke yake pembeni ya bawa jipya, ambalo lilikuwa juu ya vigogo vyenye sponji, jeusi na refu. Alikuwa ameinama, shavu karibu ligusane nalo, anagonga kwa ukingo wa sarafu ya robo dola. Tik, tik, tik. Anasogea kidogo, tik, tik.

"Unafanya nini, dada?"

"Nalisikiliza. Matabaka yakishikana vizuri, linalia. Pakiwa na mahali matabaka yameachana, halilii, linaguna. Nyamaza, au njoo usikilize."

Nilienda upande wa pili, nikainama. Tulikwenda hivyo kutoka nchani, taratibu, na ninakiri ni muziki. Sauti kavu, angavu, ile ile, ile ile, kila aliposogea. Bawa zima lilikuwa kazi ya mikono ya watu waliokuwa hawajalipwa tangu Pasaka, na kila robo inchi yake ilikuwa inajibu.

Tulipokaribia shina, linapoungana na kiwiliwili, ikaja: tup.

Niliinua kichwa. Yeye alikuwa ameshapita.

"Hapo," nikasema. "Nyuma kidogo."

Akarudi. Tik. Tik. Tup. Tup. Tik.

Hakutukana. Alichomoa penseli ya nta nyekundu kutoka kwenye nywele, akagonga tena kuzunguka, akachora duara. Ukubwa wake haukuzidi chapati.

"Masikio mazuri," akaniambia.

"Ni mbaya?"

"Ni ya kukatwa, kusafishwa na kushonwa upya. Si mbaya kwa ndege."

"Mbaya kwa nini, basi?"

Akatazama mlango mkubwa wa banda, ambako gari jeusi lilikuwa linaingia kwenye lami. "Kwa leo," akasema, akaondoka kwenda kunawa.

Garabedian alishuka akishikilia kofia kwa mkono mmoja na mlango wa gari kwa mkono wa pili. Mfupi, viatu vinang'aa kiasi cha kutia vumbi aibu. Hakuingia bandani. Aliniashiria kwa kichwa nimfuate pale pale garini.

"Wewe ndiye mpwa wa Ofelia. Kanieleza. Zawadi, eti?"

"Zawadi, bwana. Kwao hakuna kubwa zaidi."

Tumbo likaanza kumcheza kwa kicheko. "Mke wangu alikificha chini ya beseni. Akaweka mawe juu." Alicheka mpaka kofia ikataka kuruka. Kisha akaacha ghafla, kama watu wa biashara wanavyojua kuacha.

"Haya. La pili. Bawa jipya. Nikimwuliza Dale ataanza kuchora kwenye bahasha, na mimi nitatikisa kichwa saa nzima bila kuelewa. Wewe huna hisa humu, huna mshahara humu, hupandi ndege hiyo. Umeshinda humo ndani. Niambie tu: liko sawa? Maana likiwa sawa, leo naandika hundi. Kama kuna miezi mingine ya kubomoa na kujenga, kijana wangu, nimechoka. Narudi kwenye maegesho. Gari likiegeshwa halivunjiki bawa."

Mlangoni nilimwona Sowell. Saa ya chakula ilikuwa imekwisha zamani, na alikuwa anakimbia kuvuka lami kurudi kwa waajiri wake, vumbi jeupe likimtoka kichwani. Kwenye dirisha la trela Greta Okerlund alikuwa anapanga vikombe vya wageni, akihesabu kwa kichwa kama vitatosha.

"Liko sawa," nikasema. "Nilikuwepo likigongwa, bwana. Nimelisikia mwenyewe, kutoka nchani mpaka shinani. Linalia kama kengele."

"Lote?"

"Lote."

"Si lote."

Marisela alikuwa amesimama nyuma yangu, mkono mmoja umebeba mfuko wa karatasi wenye buritto, ile chapati ya Kimeksiko iliyokunjiwa maharage, mwingine bado una maji. Alikuwa amekuja kunipa chakula.

"Bwana Vartan, mimi ni Marisela, wa gundi. Karibu na shina kuna mahali pamegoma. Nimepazungushia nta nyekundu, utapaona ukiingia. Tutapakata na kupashona, na itachukua muda ambao hatuna fedha zake." Akanielekezea mfuko. "Huyu alikuwa ubavuni kwangu. Tena yeye ndiye aliyesikia. Mimi nilikuwa nimeshapita."

Nikamgeukia, sauti chini. "Dada, nilikuwa nawatetea."

"Najua, dogo."

"Sasa mbona unanifanyia hivi?"

"Wes ana watoto wawili," akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Na akikaa humo ndani, mimi ndiye ninayemfungia mlango. Siwezi kumfungia mlango nikiwa nimemwachia kitu nyuma." Akaniwekea mfuko mkononi. "Kula. Ina pilipili ya kijani."

Mimi hapo nilikuwa mtu mzima mwenye buritto mkononi na masikio yanayowaka moto. Nilitamani upepo wa Mojave, ambao hubeba milango ya watu bila kuombwa, unibebe na mimi.

Garabedian alimtazama Marisela, akaitazama mikono yake iliyopauka, akatazama kule ndani ambako bawa lilikuwa limelala na duara lake jekundu. Kisha akaufunga mlango wa gari, ambao muda wote ule alikuwa ameushikilia wazi, akavua kofia na kuiweka kwapani, kama mtu aliyeamua kuingia ndani.

"Haya, kijana," akaniambia. "Rudia ulichosikia. Safari hii ukimtazama yeye."